Panga za Wamoro: usianze na bapa, anza na maungio

Muuzaji akikuonesha upanga wa Moro, ataanza na bapa. Ataligeuza kwenye mwanga, atakuhesabia mawimbi yake, kisha atakuletea habari za vita. Wewe omba picha nyingine tatu: pale bapa linapoingia mpinini, pale bapa linapokutana na kipande kipana cha shingoni, na pale mbao mbili za ala zinapofungwa pamoja. Upanga mmoja mara nyingi una umri wa aina tatu: bapa la babu, mpini wa mjukuu, na ala iliyochongwa juzi kwa ajili ya soko. Umbo la bapa ni rahisi kuiga. Fundi yeyote mwenye tupa na kipande cha springi ya gari anaweza kukata mawimbi. Maungio ndiyo yanayomshinda mghushi, kwa sababu katika picha anazonakili hayaonekani.

"Moro" lenyewe si kabila. Ni jina ambalo Wahispania waliwapa Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, neno lile lile ambalo Wareno waliwaita nalo watu wa Kilwa na Mombasa: mouros, yaani Waislamu wowote, kwa kuwafananisha na wale wa Afrika Kaskazini waliopigana nao kwao. Ndani ya jina hilo wamo Wamaguindanao wa bonde la Cotabato, Wamaranao wa kandokando ya Ziwa Lanao, Wairanun, Watausug wa Jolo, Wayakan wa Basilan, Wasama wa visiwa vya Sulu, na wengine. Kwa mkusanyaji, mgawanyo wa kwanza wa kukaa nao kichwani ni visiwa vya Sulu upande mmoja na Mindanao, kisiwa kikubwa, upande wa pili. Kwa majina ya panga zenyewe, barong ni ya Sulu na Basilan. Kampilan na panabas ni za Mindanao. Kris iko kote. Lebo ya mnada isemayo "upanga wa Moro" haijakuambia chochote zaidi ya ile isemayo "chombo cha pwani" juu ya dau, mtepe na jahazi.

Kris na ndugu zake

Kris ndiyo inayowavuta watu wengi, na ndiyo inayowachanganya zaidi kwa sababu ina ndugu. Keris ya Java ni jambia la kuchoma: jepesi, msuka wake (mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini), mwembamba wa duara, umeshikwa mpinini kwa kitambaa kidogo tu, hata ukiuzungusha taratibu unachomoka. Kris ya Moro ni upanga wa kukata. Sulu huiita kalis, na Mindanao utasikia sundang. Bapa lake lina makali pande zote mbili, kwa kawaida sentimita 45 hadi 65, na msuka umezamishwa kwenye mpini uliojazwa utomvu wa miti wa namna ya sandarusi yetu, ukayeyushwa, ukamiminwa, ukaganda. Kris kubwa za Wamalay zinakaribiana nayo mno, kiasi kwamba bapa peke yake haliwezi kukata shauri. Hapo mpini na ala ndivyo vinavyoamua.

Mawimbi si sharti. Zipo kris zilizonyooka kabisa, zipo zenye mawimbi toka shingo hadi ncha, na zipo za nusu kwa nusu, chini zinayumba na juu zimenyooka. Anayekuambia kwamba iliyonyooka "haikumalizwa" hajui anachouza. Kuhesabu mawimbi kuna utaratibu wake: anza juu kidogo ya shingo, upande ule wenye nakshi inayofanana na mkonga wa tembo; mpindo wa kwanza ni moja, vuka upande wa pili ni mbili, rudi ni tatu, hivyo hivyo hadi ncha. Jibu liwe witiri. Ukipata shufwa, rudi mwanzo, huenda umeruka mpindo wa kwanza, ambao mara nyingi ni hafifu. Ukirudia na shufwa ikabaki, tazama ncha kwa makini: ikiwa nene na butu kuliko inavyostahili, bapa lilivunjika likanolewa upya, na wimbi moja likaenda na kipande kilichopotea.

Sasa shingo. Kabla ya mpini bapa linapanuka na kutoa mabega mawili. Kipande hicho huitwa gangya, na ndicho saa ya kris. Katika kris za zamani gangya ni chuma cha pekee, kilichotobolewa katikati na kuvikwa kwenye msuka, kisha kikakazwa dhidi ya bapa. Baadaye mafundi walifua bapa na gangya kwa chuma kimoja, na wengi wao wakachora mstari ili kuonesha kana kwamba ni viwili. Kanuni ambayo wakusanyaji wengi huifuata ni hii: mstari wa kweli unaokwenda moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo huashiria karne ya 18 au mapema zaidi, mstari wa kweli unaopinda kwa pembe ya karibu nyuzi 45 karibu na ncha ndefu ya gangya ni wa karne ya 19, mstari wa kuchora, au kutokuwepo mstari kabisa, ni karne ya 20. Ichukue kama kanuni ya kazi. Fundi wa kijijini aliyejifunza kwa baba yake aliweza kuendelea na njia ya zamani miaka 30 baada ya wenzake kuiacha.

Kutofautisha mstari wa kweli na wa kuchora kunahitaji kioo cha kukuzia mara 10 na taa ndogo iliyolazwa karibu sambamba na bapa. Mstari wa kweli upo pande zote mbili za bapa na unaonekana pia kwenye unene wake, ukizunguka kama ufa wa chungu. Chuma cha juu yake na cha chini yake mara nyingi hakina rangi moja, kwa kuwa ni vipande viwili vilivyofuliwa mbali mbali na vikashika kutu kwa namna tofauti. Mstari wa kuchora hukatika ukifika ukingoni, na chini yake utaona mfereji laini wa kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Kuna hila ya tatu inayozidi kuonekana: mstari wa kuchora uliojazwa gundi nyeusi ili uonekane una kina. Pitisha ncha ya kijiti cha meno. Kwenye gundi kitateleza. Kwenye ufa wa kweli kitanasa, au kitatoka na vumbi la kutu.

Kutu ndani ya ufa huo ndiyo ugonjwa mkubwa wa kris za zamani. Hufura, ikaisukuma gangya juu, ukaona mwanya upande mmoja. Usijaribu kuirudisha kwa nyundo. Gangya ya zamani hupasuka kwenye tundu la msuka, na hapo umepoteza kitu ambacho fundi wa leo hakirejeshi.

Nakshi ya mkonga wa tembo na meno madogo ya upande wa pili zilikatwa kwa tupa ya mkono. Tafuta kina kisicho sawa, kingo zilizolainishwa na miaka ya kufutwa, na mikwaruzo inayofuata mpindo. Tundu la duara kamili lenye kuta wima ni kazi ya mashine ya kutobolea. Peke yake haithibitishi ughushi, ila inakusogeza kwenye nusu ya pili ya karne ya 20.

Kibano, noleo na kichwa cha mpini

Kwa kuwa kris hukata kwa kufyeka, kila pigo linataka kuuzungusha msuka ndani ya mpini. Ndiyo maana kuna vibano vya madini, kimoja au viwili, viitwavyo asang-asang, vya shaba, fedha, au suasa, yaani dhahabu iliyochanganywa na shaba nyekundu. Kibano hukumbatia gangya, na mkia wake hupita chini ya noleo (pete ya madini inayovishwa mpini upande wa bapa) na kufungiwa ndani ya msokoto wa mpini. Kikiwa kimelala juu ya noleo badala ya kupita chini yake, mpini huo ulishafunguliwa. Vivyo hivyo kichwa cha mpini kisipokaa bapa kwa bapa na upanga, kikawa kimezunguka hata nyuzi 10 tu, ujue sandarusi ililainika wakati fulani (dari la nyumba lenye joto, buti ya gari juani) na mpini ukagandia tena vibaya.

Umbo mashuhuri la kichwa ni kakatua, kasuku mwenye kishungi: mdomo mbele, kishungi nyuma. Hutengenezwa kwa mti uitwao banati, wenye nyuzi zinazong'aa ukiugeuza, au kwa pembe ya nyati, au pembe ya ndovu. Kris nyingi zina kichwa cha kawaida zaidi, mfano wa kwato ya farasi. Zile kakatua kubwa kupita kiasi, zenye mdomo na kishungi vilivyotandazwa, huitwa junggayan; zilikuwa za wakubwa, na kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa zaidi. Upanga wa kawaida ukivikwa junggayan mpya bei hupanda mara kadhaa.

Namna ya kubaini: kwenye barong na kris nyingi, mti wa kichwa ndio huo huo unaoshuka ndani ya noleo na msokoto. Kichwa kikibadilishwa, mti hukatwa na kuungwa mahali panapofichwa na fedha. Chukua taa ya urujuanimno, ile ndogo ya kukagulia noti, uimulike kwenye maungio chumba kikiwa giza. Gundi nyingi za kisasa hung'aa rangi ya samawati iliyopauka; vanishi ya zamani ya lakiri hutoa rangi ya chungwa. Samawati ikichungulia chini ya noleo, uliza maswali. Kisha gonga mpini taratibu kwa ukucha toka juu hadi chini. Mlio ukibadilika ghafla katikati, kuna pengo ndani.

Pembe ya ndovu usiijaribu kwa sindano ya moto. Jaribio hilo huacha alama ya kudumu na mara nyingi halijibu swali. Tazama sehemu iliyokatwa mkingamo: pembe ya ndovu ina mistari miwili ya michirizi inayopishana kama ukili uliosukwa. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi vilivyotawanyika. Plastiki haina kitu, au ina mistari sambamba mno kuwa ya kweli.

Barong, na zile nyingine

Barong ni bapa la umbo la jani, makali upande mmoja, kwa kawaida sentimita 30 hadi 45. Watu hutazama urefu wakati jibu liko kwenye unene. Pima mgongo kwa kalipa mahali patatu: karibu na noleo, katikati, na sentimita 3 kabla ya ncha. Barong nzuri huanza na milimita 6 hadi 9, ikapungua taratibu hadi karibu 2. Ndiyo sababu ikiwa mkononi uzito hukaa nyuma na pigo huwa jepesi. Ya utalii imekatwa kwenye bati nene, ina milimita 4 kila mahali, na ukiishika inaelemea mbele kama ufagio. Hata muuzaji aliye mbali hawezi kukataa kupima namba tatu. Akikataa, umeokoa fedha.

Noleo la barong ni refu, wakati mwingine linafunika zaidi ya nusu ya mpini. Watausug huliita punto. La fedha ya zamani lina mshono wa lihamu upande mmoja, na pete zake zimelika pale vidole vinapokaa. Sumaku ikinata, ni chuma kilichopakwa. Aluminiamu ni dalili ya karne ya 20, na si lazima iwe kasoro: zipo barong za wakulima na wavuvi zenye noleo la aluminiamu ambazo ni vyombo vya kweli kuliko nusu ya "za kisultani" zinazouzwa kwa mnada.

Kampilan ni ndefu, jumla yake mara nyingi karibu mita 1, nyembamba kwenye mpini na pana kuelekea ncha, na karibu na ncha upande wa mgongo hutokeza mwiba mdogo. Mwiba huo ndio wa kwanza kuvunjika na wa kwanza kutengenezwa upya. Ukiona lihamu au mwako wa kuchomelea hapo, punguza bei. Mpini wake una mdomo uliofunguka kama wa mamba, wakati mwingine na manyoya. Sanamu ya Lapulapu kisiwani Mactan imeshika kampilan, na Mactan, ambako Magellan aliuawa mwaka 1521, iko Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, si nchi ya Moro. Kwa hiyo usidhani umbo hilo lilikuwa mali ya Waislamu peke yao. Ala yake ni mbao mbili zilizofungwa kwa henzirani, tena chache, na nyingi zimeoza zikatupwa. Kampilan yenye ala yake halisi inastahili kulipiwa ziada.

Panabas ni shoka na upanga kwa pamoja: mpini mrefu, bapa lililopinda, zito mbele. Pira ya Wayakan hutambulika kwa kichwa cha mpini kinachochomoza kama pembe ndefu. Bangkung ni ya Sulu, fupi, yenye bapa linalopanuka kuelekea ncha, na wauzaji huichanganya na barong kila siku.

Gunong ni kris iliyofanywa jambia la kiunoni. Hapa ndipo wanaoanza wanapopaswa kuanzia, kwa sababu ni nyingi, na kosa lake haligharimu sana. Lakini jua kwamba nyingi ni za baada ya 1945, zilizotengenezwa kwa ajili ya askari na wageni: mpini wa shaba au nikeli, kinga ya mkono yenye umbo la S, bapa jepesi. Tugaya, mji wa mafundi wa shaba kando ya Ziwa Lanao, umeendelea kufanya kazi hiyo hadi wakati wetu. Kazi ya Tugaya ni kazi halali ya mikono ya Wamaranao. Kosa ni kuiuza kama ya 1880.

Kuna vitu ambavyo ukiviona huna haja ya kioo cha kukuzia: neno "Mindanao" au "Zamboanga" lililochongwa kwenye ala, ngao ya mbao yenye panga ndogo ndogo zilizopangwa kwa ajili ya ukutani, mpini wenye kichwa cha nyati mwenye pembe, lulumizi iliyotapakaa bila mpangilio. Na kuna panga za kweli ambazo si za Moro. Talibong na ginunting ni za Visaya. Zile zenye kengele ndogo za shaba mpinini mara nyingi ni za Watboli au Wabagobo, majirani wa Mindanao wasio Waislamu. Ni nzuri, zina wakusanyaji wake, na bei zake ni nyingine.

Chuma na maandishi

Chini ya weusi wa miaka, bapa nyingi za kris na barong ni tabaka: chuma laini kwa mwili, feleji kwa makali. Chache sana, za zamani, zina kiini kilichosokotwa kama kamba, na hilo ndilo watu hulitafuta kama dhahabu. Mchoro wa tabaka wa kweli hubadilika pale makali yaliponolewa, maana kunoa kumezikata tabaka kwa mshazari, na kwenye barong huendelea hadi mgongoni. Mchoro uliochapwa kwa tindikali umelala juu tu, haujui kwamba bapa lina mgongo.

Kuutoa mchoro huo bila kuua upanga ni kazi ya saa moja. Funga mpini na gangya kwa plastiki na utepe. Futa bapa kwa asetoni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa sababu mafuta yakibaki hata kidogo siki haitashika, na utapata mabaka. Pasha siki nyeupe ya asilimia 5 iwe ya uvuguvugu, usiichemshe. Elekeza ncha chini muda wote, ili matone yakimbie mpini. Paka kwa pamba, ukirudia bila kuacha ikauke, kwa dakika 10 hadi 15. Makali ya feleji yatakuwa ya kijivu cheusi kabla ya mwili. Acha hapo. Futa kwa maji yenye soda ya kuokea, kijiko 1 cha mezani kwa lita 1, kisha maji safi, kisha spiriti ili kufukuza maji, kisha mafuta mepesi ya madini. Baada ya saa 24 kagua ufa wa gangya: rangi ya manjano ikitoka, siki iliingia, rudia soda na spiriti hapo hapo. Wanaoharibu ni wale wanaozamisha upanga kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi hutoa bapa lenye mashimo, na mpini ambao sandarusi yake imeanza kuachia.

Kutu nyekundu iondoe kwa mafuta na sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, ukisugua kwa kufuata urefu. Kutu nyeusi iliyotulia iache. Msasa na mashine ya kung'arisha ni mwiko. Hufuta mistari ya gangya, hufuta tabaka, hufuta na bei. Mafuta ya kula nayo yaache jikoni, baada ya miezi huganda kama gundi.

Maandishi ni mahali ambapo msomaji wa Kiswahili aliyepita chuo cha Kurani ana faida kuliko mkusanyaji wa Chicago. Zipo bapa zilizotiwa fedha au shaba kwa herufi za Kiarabu: dua, majina ya Mwenyezi Mungu, miraba ya herufi za hirizi. Wamoro ni Mashafi kama watu wa pwani yetu, na Wamaguindanao na Wamaranao waliandika lugha zao kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyoandika tenzi. Kwa hiyo soma. Kama dua ina maana, imekaa mahali pake, na nukta ziko pale zinapotakiwa, ni jambo jema. Nukta zikiwa zimenyunyizwa kama pilipili na herufi hazishikani, aliyechora alikuwa akinakili sura asiyoijua. Tahadhari moja: fundi wa zamani asiyejua kusoma naye alinakili, kwa hiyo makosa ya imla yasikuhukumie peke yake. Tazama kama fedha imezamishwa kwenye mfereji au imepakwa juu.

Zilifikaje Marekani, na zinatokaje Ufilipino

Panga nyingi zilizo sokoni leo zinatoka Marekani, na sababu yake ni ya kihistoria. Hispania iliikabidhi Ufilipino kwa Marekani kwa mkataba wa Paris wa 1898. Mkoa wa Moro uliendeshwa na wanajeshi toka 1903 hadi 1913. Mwezi Machi 1906, kwenye mlima Bud Dajo kisiwani Jolo, wanajeshi wa Marekani waliua kati ya watu 600 na karibu 1,000, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1911 gavana wa mkoa huo, jenerali Pershing, aliamuru watu wanyang'anywe silaha, na Juni 1913 yakaja mapigano ya mlima Bud Bagsak. Askari walirudi na vitu walivyookota, walivyonunua na walivyonyang'anya, vikalala darini hadi wajukuu walipoviuza.

Ndiyo maana kila barong ya pili huja na simulizi ya juramentado, jina la Kihispania la Mmoro aliyeapa kushambulia hadi auawe, na ya tatu husemwa ndiyo iliyowalazimisha Wamarekani kuacha bastola ya .38 na kuchukua ya .45. Barua ya wakati ule, picha yenye upanga wenyewe, au karatasi ya kambi ina thamani. Simulizi bila karatasi ilipie shilingi sifuri.

Sheria ziangalie kabla ya kulipa. Kutoa kitu cha kale Ufilipino kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria Na. 10066 ya urithi wa utamaduni. Kichwa cha pembe ya ndovu ni balaa mpakani: Marekani ilikaza masharti mwaka 2016, Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya 2018 mwezi Juni 2022, na "ni ya zamani" si jibu bila nyaraka. Wapo waliopoteza upanga mzima kwa ajili ya kipande cha sentimita 8.

Ukipokea kifurushi, usichomoe upanga ukiwa umezungushia kiganja kwenye ala. Henzirani ya zamani imekauka, mbao mbili zinaachana, na makali hutoka katikati ya vidole vyako. Shika ala kwa bapa zake, vidole mbali na upande wa makali, au ilaze mezani. Halafu usiurudishe humo. Mti wa ala hushika unyevu na kuulisha upanga kutu. Hifadhi bapa kando, kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na ala karibu yake.

Kisha pima na uandike: urefu wa bapa kwa mstari ulionyooka toka gangya hadi ncha, bila kufuata mawimbi; upana wa gangya; unene mahali patatu; uzito; idadi ya mawimbi. Piga picha za bapa pande zote mbili, mstari wa gangya pande zote mbili na kwenye unene, vibano, noleo, kichwa cha mpini kwa juu, na ala kwa ndani kama imefunguka. Weka safu mbili katika daftari, moja ya uliyopima na nyingine ya uliyoambiwa. Na kile kikaratasi kichakavu kilichogandia kwenye ala, chenye namba isiyosomeka, usikibandue. Kifunike kwa karatasi isiyo na tindikali, kifunge kwa uzi wa pamba, na ukipige picha leo, wino ungali unaonekana.